Methali Ninayoifuta

Kuna Jumamosi moja, mwanangu, ambayo nimejaribu kuisahau nikashindwa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi msaidizi katika karakana moja ya mbao mjini Nakuru, na siku hiyo nilikuwa nikipiga randa ubao wa kitanda cha bwana harusi fulani mwenye haraka zake. Nikainua kichwa, nikamwona kijana anayeitwa Kimani amesimama mlangoni, blanketi lililokunjwa amelikumbatia kifuani.

Sasa mimi ni mzee, nina karakana yangu mwenyewe hapa Rhonda, na ninakuandikia haya nikiwa juu ya benchi la kazi, sikio moja liko langoni. Kwa nini sikio liko langoni, utajua huko mbele. Nivumilie. Mzee haharakishwi, na fundi mbao ndiye kabisa.

Nasikia Desemba hii umeombwa ukae na vijana watatu watakaotahiriwa. Ni heshima, na nimefurahi kwa ajili yako kana kwamba nimekuzaa mimi. Pia nimeingiwa na hofu, nisikufiche. Kazi hiyo niliifanya kabla hujazaliwa, na Kimani alikuwa mmoja wa vijana wangu. Unajua mambo yalivyo kwetu: kijana akitoka kwa daktari anatengwa wiki mbili tatu katika chumba cha nje, hamwoni mamake wala dada zake, na kijana mkubwa aliyeipita njia hiyo analala naye humo, anamletea chakula, anamwosha kidonda, anamfundisha utu uzima. Huyo ndiye mutiri, mlezi wake wa maisha yote. Mimi nilipoombwa nilitembea kifua mbele wiki nzima kule kwetu Bahati, utadhani nimefanywa chifu.

Lakini hebu niambie, mtu wa miaka ishirini na miwili ana utu uzima gani wa kugawa? Nilikuwa na vijana wanne chumbani, Kimani akiwa ndiye mdogo wao, na walinitazama kama watu wanaosubiri kitu. Nilihitaji maneno mazito. Methali nilizozijua zilikuwa chache, na hizo chache hata wao walizisoma darasa la nne. Basi siku moja, nikiwa nakoroga uji, nikakohoa kidogo kama wazee wanavyokohoa, nikasema: "Wahenga walisema, maneno ya mwanaume hukaa tumboni; yakitoka ni matapishi."

Wahenga hawakusema kitu kama hicho. Niliitunga palepale, mwiko mkononi. Mmoja wa vijana akairudia polepole, na mimi nikajiona nimezeeka vizuri. Tangu siku hiyo hakuna aliyepewa bakuli la uji kabla ya kuisema. Ujana ni moshi, ukienda haurudi, lakini ule wangu uliacha masizi.

Sasa turudi kwenye ile Jumamosi. Kimani alikuwa ameingia kidato cha kwanza Januari ile, shule ya bweni upande wa Njoro, na alikuwa ametembea kutoka huko kwa miguu. Vumbi lilimpanda mpaka magotini.

"Nimekurudishia blanketi yako," akasema. "Nimeifua."

Ni blanketi nililomwazima wakati wa jando, nami nilikuwa nimeshalisahau. Nikafurahi sana. Nikajisemea moyoni, huyu amekomaa, anarudisha cha mtu bila kuulizwa, tazama kazi ya mikono yangu. Nikalipokea nikaliweka juu ya rafu. Yeye akabaki amesimama.

"Mutiri," akasema, "kule shule..." Macho yakaanza kumjaa.

Mafundi wenzangu walikuwa wameacha kazi wanatutazama. Mwanangu, nitakuambia ukweli kama ulivyo: sikumwonea huruma, niliona aibu. Kijana niliyemlea mimi, anataka kulia mbele ya watu wazima. Nikamkatiza.

"Tulisemaje kule chumbani?"

Akameza mate. "Maneno ya mwanaume hukaa tumboni."

"Malizia."

"Yakitoka ni matapishi."

"Haya. Rudi shule ukasome."

Nikampa mandazi mawili yaliyobaki kwenye chai yetu, ili nisionekane mkali kupita kiasi. Aliyatia mfukoni bila kuyaonja, akashukuru, akaenda. Nilimwangalia mpaka alipopinda kona, kisha nikashika randa yangu. Wenzangu wakanisifu. Mmoja alisema, "Wewe unajua kulea," na sifa ile niliishi nayo siku mbili nzima.

Jumatatu asubuhi mwalimu wake alifika karakanani. Kimani hakurudi shuleni. Wenzake bwenini walikuwa wamesema kwamba kabla ya kuondoka aligawa vitu vyake: huyu sanduku, yule rula na bikari, mwingine sweta. Mwalimu aliniuliza kama aliniachia chochote. Nikalitazama lile blanketi kwenye rafu. Nililishusha, nikalifungua, likanuka sabuni. Nikajiuliza swali ambalo lingenisaidia siku mbili kabla yake: mtu anayerudisha kila kitu anajiandaa kwenda wapi?

Siwezi kukueleza siku zile mbili ziliisha vipi. Tulitafuta barabara yote ya Njoro, tuliuliza makanisani, tuliuliza kwenye vinu vya unga. Mamake Kimani hakunilaumu hata kwa neno moja, na afadhali angenilaumu. Alikuwa akiniuliza jambo lilelile kila tukikutana: "Alipokuja kwako alisema nini?" Nami nilikuwa nikimjibu, "Alikuja kunisalimia tu." Nilimdanganya mama wa watu akiwa katika hali ile. Ningemwambia nini, kwamba alitaka kusema nikamkataza?

Jumanne mchana alipatikana, akiwa hai. Mwanamke mmoja wa huko Njoro alimtuma mwanawe hadi Bahati kutafuta jamaa zake, na tulipofika tulimkuta Kimani ameketi jikoni kwake akimenya viazi. Yule mama alitusimulia bila makeke yoyote. Jumapili alikuwa akikata nyasi za ng'ombe kando ya shamba la ngano, akamwona kijana amekaa peke yake tangu asubuhi, hali wala hasemi. Akaweka mundu chini.

"Nilimuuliza, mwanangu, unafikiria kujiua?" akasema. "Akaniambia ndio. Nikamwambia basi, twende kwangu tunywe uji kwanza, halafu tutatafuta watu wa kutusaidia."

Hivyo tu. Hakuwa na cheo, hakuwa amesoma, wala hakumjua kijana ni wa nani. Alikaa naye siku tatu bila kumwacha peke yake hata kidogo, mpaka Kimani mwenyewe alipotaja jina la mamake. Ndipo tulipojua mengine: wanafunzi wakubwa waliokuwa wakimtesa bwenini, babake aliyekuwa mgonjwa nyumbani, masomo yaliyomlemea, na usingizi uliokuwa umemkimbia. Jambo kama hili halina mzizi mmoja. Nami sikuujua hata mmoja kati ya yote hayo, kwa sababu sikuuliza.

Jamaa walipotulia, aliyekuwa mutiri wangu mimi aliniita nyumbani kwake. Mzee Gathogo hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Hakunikaribisha kiti, na hapo nikajua.

"Siku yako ya kisu," akasema, "mimi nilisimama wapi?"

"Nyuma yangu."

"Nikifanya nini?"

"Ukinishika mabega."

"Kwa nini nilikushika?"

"Nisianguke."

"Kwa hivyo nilijua mwanaume huanguka. Siku ya tatu ulilia chumbani, unamtaka mama yako. Nani alijua?"

"Wewe tu."

"Nilimwambia nani?"

"Hakuna."

"Nilikucheka?"

Ni kweli nililia, mwanangu, nililia kama mtoto mchanga, na yeye alikaa kando yangu akiniambia nilie yote yaishe. Nilikuwa nimesahau. Au tuseme sikutaka kukumbuka.

"Mila ina mikono miwili," akaniambia. "Mmoja unamwambia kijana awe mgumu mbele ya watu. Mwingine unampa mtu mmoja wa kulia kwake. Wewe umempa mkono mmoja, ukaukata mwingine. Na hiyo methali yako aliyonitajia Kimani, sijui umeiokota wapi. Wahenga ninaowajua mimi walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nenda."

Nilikwenda. Nilimwomba Kimani msamaha, akanipa, na leo analima viazi huko Molo na ana wajukuu wengi kunishinda. Hunipigia simu Jumapili baada ya kanisa. Ungedhani nilijifunza somo zima.

Nilijifunza nusu. Ile methali niliacha kuisema, lakini wale vijana wengine watatu sikuwafuata kuwaambia kwamba ni ya uongo. Niliona haya. Walikuwa wakiniheshimu, na mtu haendi kwa hiari kujivua nguo mbele ya wanaomheshimu. Nikanyamaza, nikajiambia yamekwisha, watoto husahau. Tazama ujinga wangu: mimi niliyetoka kuona kunyamaza kunafanya nini, nilinyamaza. Miaka arobaini na zaidi.

Sasa sikiliza ya mwaka huu. Shule moja ya hapa Rhonda, ambayo mimi hutengeneza madawati yake, ilituita watu wa mtaa kwa mafunzo ya kuwatambua vijana wanaofikiria kujiua. Jumamosi mbili. Tulikuwa walimu, wapishi wa shule, soja wa lango, kina mama wa kanisa, vijana wa bodaboda wanaobeba wanafunzi, na sisi wazee wachache tuliotolewa majumbani na viti vyetu. Wanafunzi nao walikuwa wakifundishwa katika chumba cha pili. Watu walikuwa na wasiwasi, kwa kuwa mtaa wetu ulikuwa umeshazika vijana, na kila mzazi alikuwa akimwangalia mtoto wake kwa jicho la pembeni. Mwalimu aliyetufundisha ni binti mdogo, Mwalimu Akinyi, mwenye sauti ya upole na msimamo wa chuma. Alitufundisha dalili. Mtu anayejitenga ghafla. Anayelala mno au asiyelala. Anayesema yeye ni mzigo. Anayegawa vitu anavyovipenda. Aliposema hilo la mwisho, nilishika ukingo wa dawati.

Kisha akasema tutafanya mazoezi wawili wawili, kila mtu amuulize mwenzake, waziwazi, bila kuzungukazunguka, kama anafikiria kujiua. Mimi nikasimama, maana ndimi mwenye mvi nyingi zaidi.

"Mwalimu," nikasema, "kwetu kitu kama hicho hakitajwi. Ukikitaja unakiita."

"Asante kwa kusema, mzee wangu," akanijibu. "Wengi hapa wanafikiria hivyo. Lakini kuuliza hakumpi mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Aliye nalo tayari, amekuwa akingoja mtu mmoja amuulize, na sisi tunamuuliza habari ya shule."

Nikaketi. Mwanangu, nilikuwa nimesimama kuitetea mila mbele ya binti wa watu, na kumbe yule mama wa Njoro mwenye mundu alishalijibu swali hilo kabla binti huyu hajazaliwa. Nilikuwa nimeliona kwa macho yangu, na bado nikasimama kubisha.

Mwenzangu wa zoezi alikuwa Wafula, kijana wa bodaboda anayeegesha karibu na karakana yangu. Alijaribu mara tatu. "Mzee, uko na ile... ile maneno ya..." Akajifuta jasho. "Mathe wa kanisa ananiangalia, hii neno haitoki." Tulicheka mpaka Mwalimu Akinyi akaja kusimama karibu nasi. Mara ya nne Wafula aliniangalia usoni, akauliza kikamilifu, taratibu. Mimi sina mawazo hayo, namshukuru Mungu. Lakini kuulizwa vile, na mtu anayengoja jibu kweli, kulinifanya nijifute macho kwa kiganja. Wafula akanishika mkono akauliza, "Sasa mzee, ni zoezi ama ni kweli?" Nikamwambia ni zoezi, lakini asante.

Nilirudi nyumbani na alama ya ukingo wa lile dawati bado iko kiganjani mwangu. Nyumbani kwangu naishi na mjukuu, Brayo, mtoto wa binti yangu Wanjiru anayefanya kazi katika mashamba ya maua kule Naivasha. Yuko kidato cha tatu, shule ya bweni upande wa Lanet, na wakati huo alikuwa nyumbani kwa likizo fupi ya katikati ya muhula. Siku tatu nzima alikuwa ananijibu, "Niko poa, Guka," na mimi babu yake nilikuwa nimetosheka nalo. Siku hiyo nikaanza kuhesabu. Haendi tena uwanjani. Simu yake hulala kifudifudi. Chakula anakizungusha kwenye sahani. Na Alhamisi, siku aliyofika, nilimwona mtoto wa jirani akipita na viatu vya mpira vya Brayo, vile alivyonisumbua mwaka mzima nimnunulie. Nilikuwa nimemsifu. Nilikuwa nimesema, kijana wangu ana roho ya kutoa.

Jumapili baada ya kanisa alikuwa akinisaidia kupiga msasa stuli za shule. Nilichagua wakati huo makusudi, mikono ikiwa na kazi na macho yana pa kuangalia. Nikaketi karibu naye. Nilikuwa naogopa, mwanangu. Niliogopa kuliko siku ya kisu. Nilifanya hesabu zote za mwoga: labda nimngoje mamake, labda amechoka tu, labda nitamtia aibu. Kisha nikasema.

"Brayo, nataka kukuuliza kitu, na jibu lolote utakalonipa sitakasirika. Siku hizi unafikiria kujiua?"

Msasa ukasimama. Nilikuwa nikiomba anicheke, aseme, "Zii, Guka, unaongea nini." Nilikuwa tayari kuchekwa mwaka mzima.

"Nani amekuambia?" akauliza.

"Hakuna aliyeniambia," nikasema. "Nimeuliza mimi."

Akaanza kuondoa unga wa mbao kwenye goti. Kisha akasema, "Ni kitambo, Guka. Tangu term ya kwanza."

Hapo nilikosea kidogo, nikamuuliza mbona hakusema. Mwalimu Akinyi alituonya tusilaumu. Lakini kosa lile lilinifungulia mlango.

"Si unajua vile huwa," akasema. "Mutiri wangu alitufunza. Wahenga walisema, maneno ya mwanaume hukaa tumboni. Yakitoka ni matapishi."

Majuto ni mjukuu, husemwa. Wangu alikuja akiwa na unga wa mbao kwenye nywele. Nilimtazama, nikasikia uji ukichemka katika kile chumba cha Bahati, nikawaona wale vijana watatu ambao sikuwafuata. Kila mmoja alikuwa amelea wengine, na wale wakalea wengine, na kila chumba kilipewa neno langu pamoja na uji. Lilipata mvi likiwa huko nje peke yake. Sasa lilikuwa limekuja kukaa ndani ya mtoto wangu, na yeye akaniletea kwa heshima, kama hekima ya kale.

"Brayo," nikasema, "hiyo si ya wahenga."

"Ni ya kitambo sana, Guka. Hata mutiri wa mutiri wangu alikuwa nayo."

"Ni yangu. Niliitunga nikikoroga uji, nikiwa na miaka ishirini na miwili. Nilitaka wavulana waniogope."

Aliniangalia kuona kama natania. "Guka, wacha jokes."

"Nakuapia. Na kijana wa kwanza niliyemfungia mdomo nayo, nusura tumpoteze."

Nikamsimulia habari za Kimani, blanketi na yote, hata uongo niliomwambia mamake. Ni mara ya kwanza kuusema kwa mtu yeyote. Brayo alicheka kicheko kifupi cha ajabu, akasema, "Kwa hivyo nimekuwa nikimeza kitu ya kutungwa," halafu kicheko kikamgeukia akaanza kulia. Nikainuka nikasimama nyuma yake, nikamshika mabega. Sikumwambia anyamaze. Alilia mpaka kivuli cha ukuta kikatufikia, na mimi pia, ikiwa unataka kujua.

Aliponiambia mengine, ambayo ni yake na hayataandikwa hapa, aliniomba nisimwambie mtu. Nikamjibu nilivyofundishwa: siri nyingine zote nitakutunzia, lakini hii siwezi kuibeba peke yangu, na wewe pia huwezi. Nikampigia Wanjiru, naye akafika kutoka Naivasha jioni ileile, bado ana buti za kazi. Nikampigia Mwalimu Akinyi. Kesho yake tulikwenda hospitalini, sisi watatu, na daktari akazungumza naye bila haraka. Siku zile za kwanza hakukaa peke yake hata dakika moja. Wafula alikuwa akija kukaa naye karakanani nikitoka kununua misumari. Viatu vya mpira vilirudi vyenyewe. Mtoto wa jirani alivileta, akasema vinambana, ingawa sijui kama ni kweli.

Sitakudanganya kwamba yamekwisha. Mwenye kovu usidhani kapoa. Anakwenda kliniki kila wiki mbili, shule imempa ruhusa, na kuna siku anaamka mzuri na siku nyingine anaamka na uso wa zamani. Mimi nimekuwa mtu wa hofu. Simu ikilia mchana, moyo unatangulia kuipokea. Leo ndiyo mara ya kwanza amekwenda kliniki peke yake, alitaka mwenyewe, na daktari alikubali. Alisema atarudi saa tisa. Sasa ni saa tisa na dakika kumi na tano, na ndiyo maana sikio langu liko langoni na mwandiko wangu umeharibika.

Basi, mwanangu, nasaha zangu ni hizi, na uzibebe uingie nazo chumbani Desemba. Wafundishe vijana wako heshima. Wafundishe kazi, usafi, kutopiga mwanamke, kutunza wazazi. Waambie kisu kina uchungu na wavumilie. Lakini siku ya kwanza kabisa, kabla ya uji, waambie kwamba mutiri ni mtu wa kulia kwake, na kwamba hilo halina muda wa kuisha, hata wakiwa na ndevu. Kijana akija kwako kutoka mbali na hana cha kusema, mpe kiti. Akikurudishia kitu ambacho hukukidai, usifurahi haraka. Muulize kuhusu moyo wake, na ukishuku, uliza lile neno lenyewe, kwa jina lake, umtazame, kisha ungoje. Akikujibu ndio, usimhubirie wala usikimbie. Kaa naye, mwite mtu mzima mwingine, mpeleke kwa wanaoijua kazi hiyo. Na ikiwa mwenye kuhitaji kuulizwa ni wewe mwenyewe, maana mlezi naye ana mabega yanayoanguka, njoo Rhonda unikute. Usije kunisalimia. Njoo useme.

Na ile methali, popote utakapoisikia, kwenye chumba cha jando, kwenye matanga, kwa mzee mwenye fimbo, simama useme aliyeitunga bado yuko hai. Sema ni Ndirangu, fundi mbao, na ameifuta. Mimi tayari nimewafuata wale watatu niliowaacha. Wawili nimewapata, na wa tatu nimemkuta kaburini kwa maradhi ya sukari, nikamwambia mwanawe.

Lango limelia. Ni yeye, namjua kwa jinsi anavyolisukuma kwa mguu, tabia niliyoikataza tangu akiwa mdogo na ambayo leo sitaikataza. Anaongea na Wafula hapo nje, ana mkate mkononi.

Ngoja nikubariki haraka nikamuulize siku yake ilikuwaje. Mungu akupe mabega ya kushikia wengine, na akuwekee mtu nyuma yako. Akupe ulimi usiotunga uongo mbele ya watoto. Vijana wako watatu waingie wakitetemeka na watoke wakicheka, waende shule na warudi, wazeeke mpaka wakusumbue. Na pale utakapochelewa wewe, kama nilivyochelewa mimi, Mungu amtangulize yule mama mwenye mundu.